Hesabu ya Miaka: Utumishi Usiokatika na Mfanyakazi wa Visiwani

Kila mwaka, kaskazi inapotulia na kusi kuanza kuvuma, bahari ya Lamu huchafuka, mvua za masika huteremka, na wageni waliojaa pwani huondoka mmoja mmoja mpaka wote wakaisha. Huko Shela, Manda na Kipungani milango ya hoteli nyingi hufungwa, magodoro huanikwa na kukunjwa, mashua hupandishwa nchi kavu zikapakwe rangi, na wapishi, watandikaji wa vitanda, manahodha na walinzi huambiwa maneno mafupi: "Tutaonana wageni wakirudi." Kijana huchukua mfuko wake akarudi kwao Matondoni, au akavuka kwenda Pate na Faza, akashika mshipi na nyavu mpaka atakapoitwa tena. Bahari inapotulia huitwa, naye huenda. Huo ndio mwendo wa miaka mingi, wala hakuna visiwani anayeuona kuwa ni ajabu.

Ajabu huonekana siku ile asipoitwa. Hapo ndipo mpishi aliyewapikia wageni kwa misimu minane hupanda ngazi za ofisi na kuuliza haki ya miaka yake. Naye hujibiwa kwa upole, pengine hata kwa kikombe cha kahawa, kwamba daftari linaonyesha kuwa alianza kazi mwezi wa Agosti uliopita, na kwa hiyo hana hata mwaka mmoja uliokamilika. Miaka minane imekuwa miezi tisa. Hakuna aliyemwibia fedha mfukoni, wala hakuna aliyemtolea neno la ukali. Lililofanyika ni kuikata hesabu ya miaka yake kila kusi ilipoanza, naye asijue kwamba inakatwa.

Leo tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili la utumishi usiokatika, kwa kuwa wengi wanaoguswa nalo hawalielewi, na baadhi ya wale wanaolielewa hawana haja ya kulieleza. Tunawaandikia wananchi wa visiwani wanaoajiriwa, wenye hoteli na wakandarasi wanaowaajiri, na pia wakubwa wa serikali, ile kuu na ile ya kaunti, ambao wao wenyewe ni waajiri wakubwa kuliko wote.

Maana ya jambo lenyewe si ngumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008, haimpi mfanyakazi haki zote siku ya kwanza anapoingia kazini. Ziko haki anazozipata papo hapo, kama vile ujira wa kazi aliyoifanya na kutobaguliwa. Ziko na nyingine ambazo humfikia kadiri anavyozidi kukaa na mwajiri mmoja bila ya mfuatano kuvunjika. Mfuatano huo ndio tunaouita utumishi usiokatika. Ni kama kisima kinachochimbwa kwa mikono: aliyechimba pima tano akaendelea atayafikia maji, bali anayefukiwa kisima chake kila mwaka na kuanza upya atachimba umri wake wote na asiyaone.

Na tuzitazame ngazi zenyewe, maana ndizo zinazogusa sufuria na karo ya shule. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, ana haki ya mapumziko ya ugonjwa yasiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12 mfululizo. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Ikiwa kazi imekoma kabla ya mwaka kwisha, lakini baada ya miezi miwili mfululizo au zaidi, hatoki mikono mitupu: hustahili siku moja na robo tatu za likizo kwa kila mwezi alioukamilisha. Aliyefanya kazi miezi saba basi anadai siku 12 na robo. Wangapi katika vijana wetu wa hoteli waliofanya kazi tangu Agosti hadi Machi wamepata kulipwa siku hizo? Na wangapi wamepata kuambiwa kwamba zipo?

Ngazi ya juu ni ile ya mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi yenyewe imepungua. Hapo sheria inamtaka mwajiri atoe ilani ya mwezi mmoja, amwarifu pia afisa wa leba, na achague wa kuondoka kwa kuzingatia nani alitangulia kuajiriwa, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha amlipe yule anayeondoka ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tuchukue mfano wa mpishi wetu, na tuseme mshahara wake ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Tukiugawa kwa siku 30 tunapata shilingi 800 kwa siku, na siku 15 ni shilingi 12,000. Kwa miaka minane iliyokamilika ni shilingi 96,000. Kwa miezi tisa, ambayo haikukamilisha hata mwaka, ni sufuri. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni bei ya mashua ndogo ya kuanzia maisha, nayo yote imesimama juu ya swali moja tu: je, utumishi wake ulikatika, au haukukatika?

Tuanze na wanyonge zaidi, yaani vibarua wa siku. Sheria inamwita kibarua yule ambaye masharti yake ni kulipwa kila jioni, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo anaweza kuachishwa mwisho wa siku bila ya ilani. Lakini waliotunga sheria walikwisha kuona kwamba jina hilo linaweza kugeuzwa kuwa kichaka cha kujifichia. Kwa hiyo kifungu cha 37 kikaweka kwamba kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kwa akili ya kawaida kumalizika kabla ya jumla ya miezi mitatu, basi mkataba wake huhesabiwa kuwa ni wa mshahara wa mwezi, na ilani ya siku 28 humhusu. Na akiendelea mfululizo kwa miezi miwili au zaidi tangu alipoanza, anastahili masharti yote ambayo angeyapata lau hangeanza kama kibarua.

Hapa pana jambo ambalo wasimamizi wengi wa ujenzi hawalijui, au wanajifanya hawalijui. Kibarua anayechanganya chokaa na kubeba mawe ya matumbawe kwa siku sita, kisha akapumzika siku ya saba, hakukatika. Sheria inasema wazi kwamba baada ya siku sita za kazi mfululizo anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo, na kwamba siku hiyo, pamoja na sikukuu yoyote ya taifa inayoangukia humo, huhesabiwa kuwa sehemu ya mfululizo. Kwa hiyo fundi wa Lamu anayefunga kazi Alhamisi jioni, akaswali Ijumaa, na kurudi Jumamosi asubuhi, anaendelea na hesabu yake bila ya kupungukiwa. Na Idd-ul-Fitr, ambayo ni sikukuu ya taifa, haimkatii kitu. Msimamizi anayedai kwamba "Ijumaa hukufanya kazi, basi Jumamosi umeanza upya" anajidanganya na kumdanganya mwenzake.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili, maana gazeti lisilowaambia wasomaji wake ukweli wote huwapeleka mahakamani kushindwa. Si kila kazi inageuka kuwa ya kudumu kwa kupita miezi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa huku pwani, na ikaeleza kwamba sheria yetu inatambua namna nne za mikataba: wa muda usiotajwa, wa muda uliotajwa, wa kazi maalumu inayolipwa kwa kipande, na wa kibarua. Mahakama ilishikilia kwamba ule mlango wa kifungu cha 37 umefunguliwa kwa kibarua, wala si kwa anayelipwa kwa kipande. Kadhalika mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mkataba wa muda uliotajwa humalizika siku yake inapofika, na kwamba mtu kuongezewa mara moja au mbili huko nyuma hakumpi peke yake haki ya kuongezewa tena. Kwa hiyo anayetia sahihi karatasi isemayo "tangu tarehe 1 Agosti hadi tarehe 31 Machi" na ajue anachokitia sahihi.

Je, yule mpishi wa misimu minane yuko wapi katika mikataba hiyo minne? Hilo ndilo swali lililo gumu, na jibu lake halitoki katika jina la mkataba bali katika mambo yalivyokuwa kwa kweli. Afrika Kusini walilikata shauri hili kwa maneno machache katika sheria yao ya masharti ya ajira ya mwaka 1997: kazi ya zamani kwa mwajiri yule yule huhesabiwa ikiwa pengo lililopo ni chini ya mwaka mmoja. Mpishi wetu angekuwa Durban, kusi yake ya miezi mitatu isingemkatia hata siku moja ya ukubwa wake kazini. Sheria yetu inataja "mfululizo" mara nyingi, lakini haikuweka kipimo cha pengo kama hicho. Kipimo kimeachwa kwa hakimu na jaji.

Naye jaji huuliza maswali ya mtu mwenye akili. Je, palikuwa na mkataba wa msimu ulioandikwa na kuelezwa, wenye mwanzo na mwisho? Je, mfanyakazi alilipwa stahili zake zote kila msimu ulipokwisha, yaani likizo na kila alichokuwa akidai, akapewa na cheti cha utumishi? Au aliambiwa tu aende nyumbani angojee, akaachiwa ufunguo wa ghala, akaitwa katikati ya masika kuja kutazama paa linalovuja, na michango yake ya uzeeni ikaendelea kupelekwa? Yule wa kwanza ni mfanyakazi wa msimu, na sheria haimkatazi mwajiri kumwajiri hivyo. Huyu wa pili hakuachishwa kazi kamwe, alipumzishwa tu. Zaidi ya hayo, kwa upande wa kibarua, mahakama imepewa uwezo wa kuyageuza masharti yake na kumtangaza kuwa aliajiriwa kwa masharti yanayolingana na sheria. Pengo lililobuniwa kwa hila, la kumwondoa mtu siku mbili kabla mwezi kutimia na kumrudisha siku ya tatu, halina heshima mbele ya jaji yeyote.

Yapo na mambo ambayo watu hudhani yanakata utumishi, kumbe hayakati. Likizo ya mwaka haikati. Ugonjwa uliothibitishwa haukati. Mwanamke aliyekwenda kujifungua ana miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na akimaliza ana haki ya kurudi katika kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa isiyo duni kuliko ile. Na haipotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu ya kuzaa. Wanaowapokea kina mama hao kwa barua mpya ya ajira, kana kwamba wameingia kazini jana, wanavunja sheria. Hata mgomo uliofuata taratibu za Sheria ya Mahusiano ya Kazi, ambayo nayo ni ya mwaka 2007, hauhesabiwi kuwa ni kuvunja mkataba.

Jambo jingine linalowapata watu wetu ni nyumba kubadili mwenyewe. Hoteli za visiwani huuzwa na kununuliwa, na mara nyingi mnunuzi huwakuta watumishi pale pale na kuendelea nao. Ubao mlangoni unabadilika, mpishi yuko yule yule. Hapa tunawaonya wasomaji wetu: sheria ya Kenya haina kifungu kinachoihamisha miaka ya mfanyakazi moja kwa moja kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine biashara inapouzwa. Basi siku ya kuuzwa ndiyo siku ya kuuliza. Ama mwajiri wa zamani awalipe watu wake stahili zao za miaka iliyopita, ama mwajiri mpya akubali kwa maandishi kuibeba miaka hiyo. Anayenyamaza kwa kuona haya anaweza kujikuta kati ya waajiri wawili, kila mmoja akimwonyesha mlango wa mwenziwe.

Ni vyema pia tukumbuke historia ya karibuni. Sheria ya 2007 ilipotungwa, kifungu cha 45 kiliweka kwamba ni yule tu aliyetumikia miezi 13 mfululizo kabla ya kuachishwa ndiye angeweza kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Wa miezi 12 alikuwa nje ya mlango. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti hilo linapingana na Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Tangu hapo haikuwa tena lazima mtu atimize miezi 13 ndipo asikilizwe. Lakini miaka haikupoteza uzito wake: mahakama inapopima fidia, ambayo yaweza kufika mishahara ya miezi 12, moja ya mambo inayoyatazama ni muda ambao mfanyakazi alimtumikia mwajiri wake.

Sasa twende kwenye ushahidi, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka ya mtu ni mali. Sheria inataka kila mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mzigo wa kuuandika ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Maelezo ya ajira, pamoja na tarehe ya kuanza kazi, yapewe mfanyakazi kabla ya miezi miwili kupita tangu alipoanza. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama ya kidole gumba, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu. Na ikiwa shauri limefika mahakamani, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba huo au maelezo hayo, basi ni juu yake kuthibitisha au kukanusha yale anayodai mfanyakazi. Wengi hawajui hili. Hudhani kwamba kwa kuwa hawakupewa karatasi hawana haki, kumbe ukosefu wa karatasi humwelemea zaidi yule aliyetakiwa kuiandika.

Lakini mwenye busara hangojei kuelemewa kwa mwenziwe. Mfanyakazi na aweke hati zake za mshahara, hata zile za mwaka wa kwanza. Aweke ujumbe wa simu wa kumwita kazini na ule wa kumpumzisha. Aulize hesabu ya michango yake katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, kwa kuwa orodha ya michango huonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa mwajiri wake. Na kila anapoondoka, hata kama ataitwa tena, adai cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Cheti hicho si hisani ya mwajiri, bali ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Tena asikae na dai lake mpaka likaota ukungu. Muda wa kulipeleka mahakamani ni miaka mitatu. Na si lazima kila mtu asafiri mpaka kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwani tangu mwaka 2018 mahakimu walioteuliwa kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali wanaweza kusikiliza madai ya ajira ya wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi.

Tumesema na wananchi. Sasa tuseme na wakubwa wa serikali, tena kwa adabu. Utumishi wa umma una hesabu yake na makali yake. Kwa wale waliobaki katika mpango wa zamani wa pensheni chini ya Sura ya 189, mtu hufikia pensheni ya kila mwezi baada ya utumishi usiopungua miaka 10, na kila mwezi uliokamilika ni sehemu moja ya 480 ya mshahara. Miaka 20 basi ni miezi 240, ambayo ni nusu ya mshahara. Kanuni zake huhesabu utumishi usiokatika: pengo lililotokana na kusimamishwa kwa muda, kusikosababishwa na utovu wa nidhamu wala kujiuzulu kwa hiari, halihesabiwi kuwa ni kukatika, bali aliyejiuzulu mwenyewe amekata kamba kwa mkono wake. Mara ngapi mtumishi wa umma amepata kazi katika idara nyingine, akaandika barua ya kujiuzulu badala ya kuomba uhamisho wa utumishi, na hakuna afisa aliyemwambia, "Ndugu yangu, ngoja kwanza"? Neno hilo moja lingemwokolea miaka. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 upo mpango mpya wa kuchangia, ambapo mtumishi hutoa asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, na michango hiyo huwekwa kwa jina la mtumishi mwenyewe. Lakini wangali wako waliomo katika ule wa zamani, nao wana haki ya kuelezwa.

Tena pana jambo la aibu kidogo ambalo hatuna budi kulitaja. Haifai serikali imwambie mwenye hoteli aandike mikataba na aheshimu kifungu cha 37, na hali ofisi za umma zenyewe zina wafagiaji, walinzi na makarani wanaoitwa vibarua mwaka baada ya mwaka. Anayefagia sokoni kila asubuhi hafanyi kazi itakayomalizika mwezi ujao, taka haziishi. Bodi za utumishi wa umma za kaunti ndizo zilizopewa kazi ya kuajiri kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Basi na zianze kwa kusafisha ua wao, ili sauti yao iwe na nguvu wanapokwenda kukagua wa wengine.

Tunatoa mapendekezo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, afisa wa leba na afuate majira ya upepo. Ukaguzi wa hoteli ufanywe mwezi wa Machi, kabla ya milango kufungwa, si mwezi wa Juni ambapo atamkuta mlinzi peke yake. La pili, wenye hoteli na chama cha wafanyakazi wa mahoteli, KUDHEIHA, wakae pamoja na kuandika katika makubaliano yao jinsi ya kuhesabu masika: ama mfanyakazi awe wa msimu kwa mkataba wa wazi na malipo ya kila mwisho wa msimu, ama awe wa kudumu, na miezi ya kufunga ihesabiwe kuwa likizo na mapumziko yasiyo na mshahara lakini yasiyokata miaka. Makubaliano ya namna hiyo, yakishasajiliwa, huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. La tatu, Bunge na litazame kama haujafika wakati wa kuweka kipimo cha pengo katika sheria yetu, ili mfanyakazi na mwajiri wajue kabla ya ugomvi, badala ya kungoja kuelezwa na jaji baada ya ugomvi.

Tunajua kwamba wenye hoteli nao wana yao. Tangu utekaji nyara wa wageni mwaka 2011, hadi mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, na kisha maradhi ya korona mwaka 2020, biashara ya utalii Lamu imepita katika mawimbi makubwa, na wapo waajiri waliowashika watu wao kwa kuuza walivyonavyo. Hao tunawapa heshima yao. Wala hatusemi kwamba hoteli isifungwe kusi inapovuma. Upepo ni wa Mwenyezi Mungu, haupangwi na mwajiri wala na mfanyakazi. Tunalosema ni kwamba upepo unaondoa wageni tu. Si upepo unaofuta miaka ya mtu katika daftari. Hiyo hufutwa kwa kalamu, na kalamu ina mwenyewe.

Basi msimu huu utakapokaribia kwisha, na msimamizi akasema, "Tutaonana wageni wakirudi," mfanyakazi na amjibu kwa adabu, "Inshallah, bwana mkubwa. Lakini kabla sijavuka, naomba uniandikie: je, naondoka, au napumzika?" Ni swali dogo. Jibu lake, likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi, ndilo litakalomfanya mpishi wa misimu minane aitwe mtu wa miaka minane.